Natoroka, Kamati Inakuja

Asubuhi hii sijafungua hata kufuli la kibanda changu cha ufundi simu, simu yangu inalia mfululizo. Nimeunganishwa kwenye grupu la WhatsApp. Jina la grupu: KUTOROKA KWA KIJANA WETU – KAMATI KUU. Mwenyekiti ni shangazi. Mweka hazina ni yule yule wa msiba wa mwaka jana ambaye hesabu zake hadi leo... tuyaache. Ujumbe wa kwanza ni sala. Wa pili ni picha ya maua yanayometameta. Wa tatu ni orodha ya ahadi, na jina langu limo, mbele yake pameachwa wazi nijaze kiasi.

Yaani nichangie kutoroka kwangu mwenyewe kwenda kuoa.

Nikajitoa. Nikarudishwa. Nikajitoa tena. Nikarudishwa na kufanywa admini.

Jamani, natoroka! Mtu anayetoroka hana mweka hazina!

Nyie mnanielewa, sina haja ya kueleza. Nani hapa Kigoma hajala ugali wa muhogo na chumvi mwezi mzima kwa ajili ya kadi ya dabo? Mimi nimechangia harusi ya mtoto wa jirani, ndoa ikafa kabla sijamaliza ahadi, na bado nadaiwa. Sendofu ahadi. Kicheni pati ahadi. Harusi yenyewe ahadi na sare ya kitambaa ambacho baada ya siku hiyo hakifai hata pazia. Halafu inakuja siku ya kuvunja kamati, na kamati nayo haivunjwi bila bia, na bia hazinunuliwi bila mchango.

Kwa hiyo nilikaa, nikafikiri kama mtu mzima mwenye leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Mchumba anasali kwao, mimi nasali kwetu, bomani ni katikati. Tunasaini bomani, usiku tunashuka ziwani, tunapanda boti kwenda kusini, kunakucha tuko kwenye Milima ya Mahale. Kwisha habari.

Kwa nini Mahale? Kwa sababu ile ni hifadhi ya taifa tangu 1985 na ndani yake huendi kwa gari, unakwenda kwa miguu. Shangazi ana magoti. Kilele chake kinaitwa Nkungwe, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Shangazi, nimeshawaambia, ana magoti. Lakini kilichonimaliza kabisa ni utaratibu wa kuwatazama sokwe. Nilielezwa na kijana mmoja anayebebea watalii mizigo, alileta simu iliyoingia maji. Anasema kundi la wageni halizidi watu sita. Mkishawafikia sokwe ni saa moja tu, mnaondoka. Wote barakoa usoni. Kula mbele yao marufuku. Mwenye mafua hasogei.

Machozi yalinilengalenga. Watu sita! Saa moja! Hakuna kula! Hakuna emsii wa kusema "makofi kwa bwana harusi, hayo ni ya njaa"! Sokwe wa Mahale wana kamati bora kuliko ukoo wangu mzima.

Mchumba alikubali papo hapo, sharti lake moja tu, dada yake aje. Dada yake ana mume. Mume ana mama. Nikasema sawa, bado hatujafika sita.

Baba mkwe mtarajiwa nilimgusia kwa mbali, kwa heshima zote, kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mahari isipolipwa ndoa haibatiliki. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Hiyo sheria imewahi kulea binti?"

Basi nikaenda ofisini. Sitaji ni ofisi gani. Niliingia kwa unyenyekevu, shati nimechomekea, nikamkuta mama mmoja karani, miwani puani, mbele yake daftari kubwa la kaunta na kalamu iliyofungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi wenyewe mfupi, ukitaka kuandika unainama hadi shavu liguse karatasi. Nyuma yangu benchi limejaa watu wa migogoro ya viwanja, wote kimya, wote masikio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kiwanja?"

Nikainama, nikanong'ona, "Hapana mama. Nataka kufunga ndoa. Kimyakimya."

"Hongera!" Akageukia chumba cha nyuma na kupaza sauti: "Eti zile fomu za NDOA mliziweka wapi? Kuna kijana hapa anataka ya KIMYAKIMYA!"

Benchi zima likasogea mbele. Mama mmoja akanipongeza kwa kunipigapiga mgongoni, sijawahi kumwona.

Fomu ikapatikana chini ya birika la chai, ina duara la birika juu yake. Jina, umri, mnakoishi, majina ya wazazi wa pande zote na wanakoishi, hujaoa, huna undugu naye. Najaza huku nimeinama, uzi unanivuta shavu. Namaliza, narudisha, nauliza lini tunasaini.

"Bado tangazo. Siku 21."

"Tangazo la nini mama?"

"La ndoa yako. Tunabandika hapo nje ubaoni."

"Mama, mimi natoroka."

"Na anayetoroka anatangaziwa, baba. Ni sheria. Lazima mwenye pingamizi apate nafasi ya kuja."

"Mama yangu, pingamizi zangu zote nazijua kwa majina. Ziko hapo mtaani Mwanga zinakunywa chai. Ndizo nazikimbia."

"Basi zitasoma."

Nikaomba libandikwe uso kuelekea ukutani. Akakataa. Nikaomba mwandiko mdogo. Akasema mwandiko wake ni mmoja tu tangu ameajiriwa. Nikauliza hakuna njia nyingine? Akavua miwani, akasema ipo, Msajili Mkuu anaweza kutoa kibali cha kukusamehe hizo siku, ila uandike sababu za msingi.

"Sababu ni shangazi."

"Iandike tuone."

Hapo mzee mmoja kwenye benchi, kofia ya kufuma, fimbo, akaona nateseka bure. "Kijana," akasema, "wewe ungekaa naye tu. Sheria hiyo hiyo inasema mkikaa pamoja miaka miwili na watu wakiwajua kama mke na mume, mnahesabiwa mmeoana mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mimi hapa nafuatilia kiwanja tangu zamani, ningekuwa nimeshaoa mara kadhaa." Benchi likacheka. Karani akacheka. Mimi nimesimama pale na heshima yangu yote, shavu lina wino.

Wakatoka kubandika. Nasema wakatoka, maana karani hakwenda peke yake, benchi lote lilimsindikiza. Ubao wenyewe una tangazo la chanjo ya mbwa, la zabuni ya choo, na la mtu aliyeokota pochi. Pini hazikutosha. Karani akachomoa mbili kutoka kwa mbwa na moja kwa choo, akanibandika mimi katikati, nimenyooka, muhuri juu.

Yule mzee akatoa miwani, akafuta kwa kanzu, akaanza kusoma kwa sauti. Taratibu. Herufi kwa herufi. Alipofika kwenye jina la baba yangu akasimama. "Huyu si wa Gungu? Aliyekuwa na baiskeli ya kijani?" Ndiye. "Basi ameandikwa vibaya, kwao wanaandika kwa Y." Karani akarudi ndani kuleta kalamu, akakumbuka imefungwa kwenye meza. Wakaanza kutafuta kalamu. Mpita njia akatoa yake kwa sharti aelezwe kinachoendelea. Akaelezwa. Na mwendesha bodaboda aliyemleta naye akaelezwa, na ninyi mnajua kumweleza mtu wa bodaboda jambo ni sawa na kulisoma redioni.

Halafu yule mama aliyenipigapiga mgongo akatoa simu, akalipiga picha tangazo. Nikaitambua simu. Kioo chake nilikibadilisha mimi mwenyewe, na kamera niliisafisha bure kama nyongeza. Picha imetoka vizuri mno. Najua, kwa sababu ndiyo picha ya grupu sasa.

Nawaambia watu, mkoa huu huwezi kujificha. Livingstone alikuwa Ujiji hapo, mgonjwa, dunia imempoteza, hana simu wala anwani. Gazeti la New York likamtuma Stanley, na mwaka 1871 akamkuta, akamwamkia. Kama mtu alitafutwa na gazeti la Marekani akapatikana, mimi nitamkwepa mwanamke anayekaa vituo viwili vya daladala kutoka kwangu? Au meli ya Liemba. Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe mwaka 1916 asiipate adui, wakaipaka injini grisi, wakaondoka wakijua mambo yameisha. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikawa inabeba abiria kwa jina jipya. Ziwa Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400, la pili kwa kina duniani, na bado haliwezi kutunza siri ya Mjerumani. Itakuwa yangu?

Mpambe wangu, rafiki tangu utotoni, mmoja wa mashahidi wawili wanaotakiwa, ameniuliza kama kuna posho.

Sasa mnajua kilichoniudhi zaidi? Nilijiandaa kugombezwa. Nilikuwa na hotuba tayari, ya kijana wa kisasa, maisha magumu, upendo si ukumbi. Shangazi alivyokuja hakugomba hata kidogo. Alikaa, akaomba maji, akasema, "Mwanangu, kutoroka siyo kitu kidogo. Hukupaswa kujihangaisha peke yako. Tutakutorosha sisi."

Tutakutorosha sisi!

Ndiyo kamati hiyo. Kuna kamati ndogo ya usafiri, imeshakwenda Kibirizi kuulizia boti tatu za mbao, moja ya wazee, moja ya akina mama, moja ya vyombo. Kuna kamati ya vinywaji. Emsii amepatikana, anauliza kule juu umeme upo au aje na jenereta. Nikamwandikia kwamba kule ni msitu wa sokwe. Akajibu, "Hamna shida kaka, nimeshafanya na wanasiasa."

Nikawaeleza habari ya watu sita. Nimeandika kwenye grupu kwa herufi kubwa: SITA. Wakajadili. Wakakubaliana kwamba tutapanda sita sita, kwa zamu, kwa kufuata ukoo. Upande wa bibi harusi kutoka Kasulu umeomba zamu ya asubuhi kabla jua halijawa kali. Nikawaambia na mwenye mafua haruhusiwi, nikitumaini. Shangazi akajibu kwa sauti, ujumbe mrefu, mnasikia kabisa redio yake kwa nyuma, kwamba Mungu ni mwema, ukoo mzima uko salama isipokuwa magoti, na magoti hayaambukizi.

Na magoti yake yatabebwa! Wamepata vijana wanne na kiti.

Nimechoka, jamani. Mtu unataka kuoa, basi, uoe, ulale. Mimi sikuomba keki ya ghorofa. Hiyo keki nayo, kuna mjadala unaendelea sasa hivi kama itavuka mawimbi ikiwa imeshapambwa au mpambaji aende na boti ya vyombo akapambie huko huko. Mtu mmoja mwenye akili ameuliza nani atalipia kiingilio cha hifadhi kwa watu wote hao. Kimya. Halafu mweka hazina akaweka jina langu na alama ya mikono inayoomba.

Suala la ndafu ndilo limenifikisha nilipo. Niliwaambia mifugo hairuhusiwi kuingizwa hifadhini. Wakasema sawa, basi achinjwe huku, ashushwe akiwa ameshakuwa ndafu. Vizuri. Mbuzi akanunuliwa. Lakini mbuzi akishanunuliwa siku 21 hazijaisha lazima akae mahali, na kwa shangazi hakuna uzio, kwa mweka hazina kuna mbwa. Amefungwa hapa. Mlangoni pa kibanda changu cha ufundi simu, Mwanga, biashara yenye leseni. Wateja wanaruka juu ya kamba. Majani hataki, anataka maboksi ya chaja. Mchana nilikwenda kununua mgebuka wa kuchoma hapo jirani, si mbali, harufu tu naisikia nikiwa kazini, kurudi nakuta amenyanyua miguu ya mbele kwenye kaunta, ametafuna vikaratasi vyote ninavyobandika nyuma ya simu. Vyenye majina ya wenyewe na tatizo la kila simu na waliotanguliza kiasi gani.

Hivi ninavyoongea kuna mama amesimama dirishani. Anataka simu yake. Nyeusi, kioo kina ufa. Mama yangu, hapa zote ni nyeusi na vioo vina ufa, ndiyo sababu zimeletwa. Namwambia apige namba yake tusikie ipi italia. Anasema laini aliitoa, iko nyumbani kwenye kikopo. Namuuliza mbele ilikuwa na picha ya nani, anasema ya mjukuu. Nawasha moja, inakuja picha ya mtoto. Anaitazama sana. Anasema mtoto ni mzuri lakini si wa kwao.

Halafu anamgeukia mbuzi, anamshika mbavu, anauliza unamuuzaje.