Mtafiti wa Ubora wa Huduma Arudi Alikopima

Hapa Tanga tuna msemo wa "waja leo, waondoka leo", na kwa miaka mingi nimeuona ukitimia kwa sisi watafiti wa utawala na ubora wa huduma za afya: tunafika kituoni na madodoso, tunachukua takwimu, tunaaga kwa heshima, kisha kituo hakipati tena habari zetu.

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut na kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza kwamba ubora wa tiba hupimwa kwa kuangalia muundo, mchakato na matokeo. Muundo, yaani majengo, vifaa na watumishi, ndio mwepesi kuhesabu, na ndiyo maana ripoti nyingi hujaa idadi ya vitanda. Mchakato, yaani yale hasa anayotendewa mgonjwa, humtaka mtafiti akae.

Nililielewa hilo katika kituo kimoja cha afya mkoani humu nilipokuwa nikipitia partografu, fomu ambayo mkunga huchora juu yake maendeleo ya uchungu na kuandika mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya nusu saa. Fomu zilikuwa zimejazwa zote. Hata hivyo, katika nyingi nukta zilifuatana kwa mstari ulionyooka mno, kwa wino uleule na mkono uleule usiotikisika, kana kwamba saa nane za uchungu zilikuwa zimeandikwa kwa dakika tano. Nilipobaki kwa zamu ya usiku nikaona sababu: mkunga alikuwa peke yake na akina mama watatu, wawili wakiwa karibu kujifungua. "Mwalimu, naandika mama akishajifungua," aliniambia huku akivaa glavu, "kabla ya hapo mikono yangu iko kwake." Kama ningeishia kwenye makaratasi, kituo kile ningekipa alama za juu, na mkunga yule angeendelea kukesha peke yake.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2018 kamisheni ya jarida la Lancet Global Health ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu wapatao milioni 5 hufa kila mwaka kwa sababu ya huduma duni, ilhali wanaokufa kwa kutoitumia huduma ni milioni 3.6. Wale wa kwanza walikuwa wamefika.

Mhadhiri hupanda cheo hasa kwa makala zilizochapishwa kwenye majarida, mengi yakiwa ya Kiingereza, ambayo mkunga wa zamu hana wakati wala njia ya kuyasoma. Silalamikii uchapishaji, kwani bila wenzetu kutukosoa tungejidanganya. Ninachodai ni kwamba kamati za kupandisha vyeo zimuulize kila mtafiti wa fani hii: matokeo uliyarudisha lini, kwa Kiswahili, mbele ya nani?

Mimi nilirudi baada ya miezi minne, nikaketi na mganga mfawidhi na wauguzi wake, tukazitandaza fomu zile mezani bila kutaja jina la mtu. Hatukuzungumza sana kuhusu wino. Saa nzima tuliimaliza kwenye ratiba ya zamu, tukitafuta usiku upi unaweza kupata mkunga wa pili.