Subira ya usajili si ubahili

Dakika ya 31 pale Wembley, Oktoba 22, 2017, mwamuzi wa akiba alinyanyua ubao na namba 6 ya Liverpool ikawaka. Dejan Lovren, beki wa kati, akatoka. Hakuwa ameumia. Dakika ya nne alikuwa amepitwa na mpira, Harry Kane wa Tottenham akafunga. Dakika ya kumi na mbili kipa wa Tottenham, Hugo Lloris, alirusha mpira kwa mkono, Lovren akaruka kuupiga kichwa akaukosa. Kane akaondoka nao, akamtengea Son Heung-min, bao la pili. Mechi ikaisha 4-1.

Beki ambaye Liverpool walimtaka alikuwa bado Southampton. Juni mwaka ule klabu ilitoa taarifa ya kuwaomba radhi Southampton kwa namna ilivyokuwa ikimfuatilia Virgil van Dijk, na ikasema imeachana naye. Dirisha la usajili likafungwa bila beki wa kati wa hadhi hiyo kusajiliwa. Sasa fikiria shabiki anayemtazama Lovren akitembea kuelekea benchi. Swali lake ni la haki kabisa: kama huyo mmeshindwa kumpata, mmekosaje kuchukua mwingine? Sokoni mabeki wamejaa. Mmoja wa pauni milioni 30 angeziba pengo, na pengine pointi za siku ile zisingepotea kirahisi hivyo.

Walisubiri. Desemba 27 walitangaza kuwa wamekubaliana na Southampton, kwa pauni milioni 75, bei ambayo hakuna beki yeyote duniani alikuwa amewahi kuuzwa. Mei iliyofuata walicheza fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Juni 2019 wakalibeba kombe lenyewe, 2020 wakachukua ubingwa wa England walioukosa kwa miaka thelathini.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kinavuruga mjadala wetu wa kila dirisha la usajili. Tumezoea kuugawa hivi: upande mmoja wapo wenye fedha wanaonunua, upande wa pili wapo wenye subira ambao, tukisema ukweli, tunawaona ni watu wasio na fedha wanaojipa moyo. Van Dijk haingii upande wowote. Pauni milioni 75 si bei ya maskini. Lakini sijui mfano wa subira ulio wazi kuliko ule, kwa sababu subira yenyewe ilikuwa kumkataa yule wa pauni milioni 30. Wangemnunua Agosti, angekuwa na mkataba wa miaka minne au mitano, mshahara wa kulipwa kila wiki na nafasi kikosini. Ukishamleta wa kuziba pengo, pengo unaliona limezibwa, na aliyestahili hapati tena pa kuingia.

Dirisha hilo hilo walimchukua Andy Robertson, beki wa kushoto, kwa pauni milioni 8 kutoka Hull City iliyokuwa imeshuka daraja. Alisugua benchi hadi Desemba, Alberto Moreno alipoumia. Usajili ule haukumshtua mtu, na miaka miwili baadaye Robertson alikuwa anacheza fainali aliyoshinda.

Upande wa pili una hoja nzito, na wanaoupuuza kwa kuita kila fedha "fedha chafu" hawautendei haki. Manchester City walikuwa daraja la tatu la England msimu wa 1998-99. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1968. Shabiki wao aliyezaliwa mwaka uliofuata alisubiri miaka arobaini na zaidi, na subira yake haikumpa chochote. Septemba 2008 wakaja matajiri wa Abu Dhabi, Mei 2012 kombe likatua. Chelsea nao: ubingwa mmoja tu katika historia yao, wa 1955, mpaka Roman Abramovich alipoinunua klabu 2003, na ndani ya miaka miwili wakawa mabingwa. Mtu akikwambia fedha hazinunui mataji, muulize anaishi dunia gani.

Kuna na hoja chungu zaidi. Mvumilivu hula mbivu, tunasema, ila methali hiyo haikumfikiria jirani mwenye kapu. Borussia Dortmund ya Jürgen Klopp ililea kikosi hadi kikatwaa ubingwa wa Ujerumani 2011 na 2012. Embe lilipoiva, Bayern Munich walimchukua Mario Götze 2013 kwa kulipa yuro milioni 37 zilizoandikwa kwenye mkataba wake, na mwaka uliofuata wakamchukua Robert Lewandowski bure, mkataba ukiwa umekwisha. Ajax ya 1995, ile iliyoifunga Milan fainali kwa bao la Patrick Kluivert mwenye miaka 18, ilisambaratika ndani ya miaka michache. Hukumu ya Bosman ya Desemba mwaka ule ule iliwapa wachezaji haki ya kuondoka bila ada mikataba inapokwisha. Monaco walitwaa ubingwa wa Ufaransa 2017 wakiwa na Kylian Mbappé na Bernardo Silva, na kufikia Septemba wote wawili walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo subira imekufa? Hapa kuna takwimu moja ambayo kila nikidhani nimeshaielewa hunirudia na sura nyingine. Mchumi Stefan Szymanski alipima klabu 40 za England kati ya 1978 na 1997. Aliuliza jambo rahisi: tofauti za nafasi za klabu kwenye ligi zinaelezwa kwa kiasi gani na fedha? Mishahara ilieleza asilimia 92. Matumizi halisi ya kununua wachezaji, yaani ada zilizolipwa ukitoa ada zilizopokelewa, yalieleza asilimia 16 tu.

Isome tena polepole. Fedha hizo hizo za klabu zikipitia mlango wa mishahara, karibu zinatabiri msimamo wa ligi. Zikipitia mlango wa ada za uhamisho, ni kama kurusha sarafu.

Ukitulia unaona kwa nini. Ada ni bei ya siku ile sokoni, na anayeipokea ni klabu nyingine, si mchezaji. Ndani ya bei hiyo kuna mashindano yaliyokwisha juzi, kuna wakala, kuna mnunuzi aliyebakiwa na saa sita dirisha lifungwe. Hakuna kati ya hayo kinachokimbia uwanjani. Mshahara ni hadithi nyingine. Huo hupangwa upya kila mkataba, na mtu wa kuupanga ni kocha na viongozi waliomtazama mchezaji mazoezini kila asubuhi kwa miaka. Wanajua anachelewa au hachelewi, akipigwa kiatu anaamka au analala. Soko halijui hayo.

Najua ya kupinga. Takwimu ni za kabla ya mabilioni ya leo ya televisheni. Pia mshahara na ushindi hufuatana kama kuku na yai: timu ikishinda wachezaji hudai nyongeza, kwa hiyo sehemu ya ile 92 ni matokeo na si chanzo. Tuipunguze tunavyotaka, umbali kati ya 92 na 16 bado unabaki kuwa mkubwa.

Lakini wapenzi wa akademi wasishangilie mapema, maana takwimu hii inawachapa na wao. Ukimlea kijana tangu miaka tisa, akifika ishirini na moja ukaendelea kumlipa kama kijana wa akademi, hujajenga kikosi. Umemfugia mwenzako. Dortmund hawakukosea kusubiri. Walifika siku ya kulipa, na aliyekuwa na uwezo wa kulipa zaidi alikuwa upande wa pili wa barabara. Subira ina gharama yake, ila bili haiji siku ya dirisha. Inakuja miaka minne baadaye, kwenye karatasi ya mishahara, na klabu nyingi zinazojisifu kwa uvumilivu huikimbia siku hiyo.

Mfuate mtu mmoja, Philippe Coutinho, uone fedha zinavyotembea. Liverpool walimnunua Inter Milan Januari 2013 kwa pauni milioni 8.5, kijana asiye na namba. Miaka mitano baadaye, siku chache tu baada ya kumpata Van Dijk, walimuuza Barcelona kwa hadi pauni milioni 142, nyongeza zikiwemo. Kiangazi kilichofuata wakaleta kipa, Alisson Becker. Subira ya 2013 ndiyo ilisimama nyuma ya matumizi ya 2018.

Barcelona wenyewe walikuwa wametoka kumpoteza Neymar kwa yuro milioni 222. Ulaya nzima ilijua wana kiasi gani mfukoni na wana haraka kiasi gani. Ousmane Dembélé kwa yuro milioni 105 kabla ya nyongeza. Coutinho yuro milioni 120, nazo kabla ya nyongeza. Mwaka 2019, Antoine Griezmann, 120. Na hii ndiyo klabu ambayo Novemba 25, 2012, dhidi ya Levante, beki wa kulia Dani Alves alipoumia na Martín Montoya akaingia, ilijikuta na wachezaji kumi na mmoja uwanjani, wote zao la akademi yake ya La Masia. Ilichukua miaka mitano tu kusahau.

Agosti 14, 2020, Lisbon. Barcelona wanacheza na Bayern, na Coutinho amevaa jezi ya Bayern, yuko huko kwa mkopo. Anaingia dakika ya 75 matokeo yakiwa tayari aibu. Anafunga la saba, anafunga la nane. Nane kwa mbili, na mawili ya mwisho ni ya mchezaji wao wenyewe. Mwaka mmoja baadaye Lionel Messi, aliyefika pale akiwa na miaka 13, aliondoka akilia kwa sababu mshahara wake haukuweza tena kuenea ndani ya kikomo cha ligi.

Fedha zilipokwisha wakalazimika kurudi nyuma ya nyumba. Aprili 2023 wakamwingiza Lamine Yamal akiwa na miaka 15. Akaja Pau Cubarsí; Alejandro Balde na Gavi walikuwa wameshatangulia. Na msimu wa 2024-25 wakabeba ligi na Kombe la Mfalme. Tusijidanganye: Lewandowski na Raphinha waliokuwa mbele walinunuliwa, tena baada ya klabu kuuza sehemu ya mapato yake ya televisheni ya miaka ijayo. Wala hii haikuwa subira ya hiari. Hata hivyo kuna kilichokuwepo cha kurudia. Klabu isiyolea, siku fedha zikikauka, nyuma ya nyumba hukuta nyasi.

Jambo linaloniudhi katika haya ni kwamba kanuni za fedha, zilizotungwa kuwabana wafujaji, zinawaumiza walezi. Mchezaji aliyenunuliwa kwa pauni milioni 100 kwa mkataba wa miaka mitano huandikwa vitabuni kama gharama ya milioni 20 kwa mwaka. Ukimuuza baada ya miaka miwili, thamani iliyobaki ni milioni 60, na faida huanza kuhesabiwa juu ya hapo. Kijana wa akademi hakununuliwa, kwa hiyo bei yake yote ni faida tupu. Klabu iliyobanwa itamuuza nani? Chelsea, waliotumia zaidi ya pauni bilioni moja tangu 2022 na kumaliza msimu wa kwanza wa matumizi hayo nafasi ya 12, walimuuza Mason Mount 2023 na Conor Gallagher 2024, wote watoto wa nyumbani. Haki yao nawapa: 2025 walitwaa Kombe la Dunia la Klabu kwa kuifunga PSG 3-0. Ila mhasibu anapokuwa na sababu ya kuuza mtoto wa nyumbani kabla ya mgeni, kuna kitu kimewekwa kichwa chini.

Na kuna dirisha moja, la kiangazi cha 2019, ambalo pande zote mbili zilikaa meza moja. Arsenal walimnunua winga Nicolas Pépé kwa pauni milioni 72, rekodi ya klabu wakati ule, na picha zake zikajaa kila mahali. Wiki moja kabla walikuwa wamemsaini beki wa miaka 18, William Saliba, kwa pauni milioni 27, wakamrudisha alikotoka, Saint-Étienne, kwa mkopo. Kisha Nice. Kisha Marseille. Arsenal wakamaliza nafasi ya nane mara mbili mfululizo, na mashabiki wakauliza, kwa hasira inayoeleweka, beki wao anafanya nini Ufaransa wakati wao wanafungwa. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu alicheza Agosti 5, 2022, ugenini kwa Crystal Palace, miaka mitatu baada ya kusajiliwa. Walishinda 2-0. Julai 2023 akasaini mkataba mpya. Septemba mwaka huo Pépé akaondoka kwenda Trabzonspor, na Arsenal hawakupata hata senti ya ada.