Vyuma au mbio: nani anachoma mafuta kweli?

Wa mbio wanasema anayetaka kupungua akimbie. Wa vyuma wanajibu kwamba mbio zinakula misuli, na kwamba misuli yenyewe inachoma kalori hata ukiwa usingizini. Wote wana ukweli wao, ila wote wameutia chumvi.

Kwa hesabu ya siku moja, wa mbio wanashinda bila ubishi. Kukimbia hutumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili katika kila kilomita. Mwenye kilo 70 akikimbia kilomita 5 amechoma kama 350, pengine kwa nusu saa tu. Mnyanyua vyuma hafiki huko kwa muda huohuo, maana sehemu kubwa ya nusu saa yake ni kupumzika kati ya seti (na wengine mapumziko hayo huishia kwenye simu).

Hiyo hoja ya kuchoma kalori usingizini nayo imekuzwa mno. Kilo moja ya misuli iliyotulia hutumia takriban kalori 13 kwa siku. Aliyeongeza kilo 3, kazi ya miezi mingi, amejipatia kama 40 tu. Kutembea robo saa kunafika hapo.

Hoja nzito ya wa vyuma ni nyingine, na sijui kwa nini hawaisemi sana. Ukila pungufu ya unachotumia, mwili haukati mafuta peke yake. Unakata na misuli. Mizani haitakuonyesha hilo. Watu wawili wanaweza kupungua kilo 8 sawasawa, mmoja akabaki mkakamavu na mwenzake akawa mwembamba aliyelegea, suruali inampwaya lakini kitambi bado kipo. Aliyebaki mkakamavu aliipa misuli yake kazi: skwoti, pushapu, kuvuta uzito unaoongezwa kidogo kidogo, pamoja na protini ya kutosha. Kwa anayejenga misuli, gramu 1.6 hivi kwa kila kilo ya mwili kwa siku zinatosha.

Je, mbio zinakula misuli? Hofu hii ina chanzo chake. Mwaka 1980 mtafiti Robert Hickson alichapisha jaribio la wiki 10, ambapo waliochanganya vyuma na mazoezi ya pumzi, yaani mbio na baiskeli, waliongezeka nguvu vizuri mwanzoni, kisha mwishoni nguvu hizo zikaanza kushuka. Lakini tazama dozi yenyewe: vyuma siku 5 kwa wiki, pumzi siku 6, tena kwa nguvu zote. Wengi wanaoitumia hoja hii kukwepa mbio hawajawahi kukaribia mzigo huo. Na moyo nao ni msuli. Mwenye kifua kipana anayehema ngazi ya pili ana kazi bado.

Shirika la Afya Duniani linataka yote mawili: dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Mimi, kwa anayepunguza mwili na muda wake ni mfinyu, ningezilinda kwanza hizo siku 2 za vyuma, kisha nijaze zilizobaki kwa kukimbia au kutembea haraka. Vyuma na mbio vikiangukia siku moja, vyuma vitangulie miguu ikiwa bado na nguvu.