Sonona haina turubai

Kukitokea msiba mtaani kwetu Tanga, hakuna anayehitaji semina. Turubai linafungwa, viti vinaletwa, majirani wanawake wanaingia jikoni kwa mfiwa kama kwao, wanaume wanakaa nje wakichangishana na kupanga mazishi. Mfiwa hapiki wala hafagii. Akishindwa kula, kuna mtu atakayemkalia ubavuni na bakuli la uji mpaka anywe japo vijiko viwili, na usiku kuna atakayelala naye chini kwenye mkeka. Hakuna anayemwambia kwamba kulia ni upungufu wa imani, na akitokea wa kumwambia hivyo, wazee humnyamazisha.

Mzazi naye vivyo hivyo. Pwani anakaa arobaini: anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga na supu, mtoto anapokewa na mikono ya wengine ili mama alale. Siku hizi mitandao imejaa watu wanaouza tiba ya kumhudumia mtu mzima mzima, mwili, akili na roho kwa pamoja, na picha zao za mishumaa na mikeka ya yoga. Mimi nikiziona najiuliza wanatuuzia nini ambacho bibi zetu hawakukijua. Tunayo tiba hiyo. Ila tumeiwekea sharti: lazima pawe na maiti au mtoto mchanga. Aliyezimika ndani kwa ndani kwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni isiyoondoka, bila jeneza wala kichanga, hafungiwi turubai. Anapewa mawaidha.

"Mshukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe." "Umeacha kusali wewe." "Hilo ni jini mahaba." "Mwanaume mzima unalialia!" Wanaosema hivi si watu wabaya. Wengi wao ndio hao hao waliokuwa jikoni kwa mfiwa juma lililopita. Tofauti ni kwamba msiba wanauona, sonona hawaioni.

Basi tuielewe kwanza. Huzuni ni ya kila mtu na huwa inakuja na kupita, ikikupa nafasi ya kucheka katikati. Sonona inakaa. Wahudumu wa afya huuliza kuhusu wiki mbili mfululizo: je, karibu kila siku umekuwa huna raha, au mambo uliyoyapenda hayana ladha tena? Unalala vipi, unakula vipi, unachoka bila kufanya kazi? Unajiona huna thamani? Unashindwa kufuatilia hata taarifa ya habari? Umewahi kuwaza kwamba heri ungekufa? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 332 wanaishi na hali hii, wanawake wengi zaidi ya wanaume. Kwa wanaume wengi inatoka kama hasira na chupa, ndiyo maana hatuioni. Chanzo chake ni mseto: kurithi, uzazi, kufiwa, kipigo, madeni, ugonjwa wa muda mrefu, hata tezi ya shingo isipofanya kazi vizuri.

Mimi ilinipata baada ya mwanangu wa pili. Mkandaji alipomaliza siku zake na wageni wakapungua, nikabaki naangalia ukuta. Nyumba yetu ni ya Kitanga hasa, upande wa mama Waislamu na upande wa baba Walutheri wa Usambara, kwa hiyo nilihudumiwa na dini zote mbili. Shangazi alikuja na mafuta na Zaburi. Mama mkubwa akaja na kisomo na kombe, ile dua iliyoandikwa kwa zafarani ikayeyushwa kwa maji ya mawaridi. Nikanywa, nikapakwa. Aliyeniuliza kwanza kama ninalala alikuwa muuguzi wa kliniki ya mtoto, nilipompeleka mwanangu kupimwa uzito. Kwake nilianzishiwa dawa na siku za kwenda kuongea.

Sasa watu huniuliza: kilichokuponya ni nini, dawa au dua? Swali hilo nimeacha kulijibu kwa neno moja. Dawa za sonona haziamki siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu, na katika wiki hizo mtu anahitaji sababu ya kutoka kitandani. Sababu yangu alikuwa mama mkubwa, ambaye kila jioni baada ya alasiri alibisha hodi, akanitaka nioge, tukatembea hadi kwake na mtoto mgongoni, akasoma Yasini huku mimi nikimenya vitunguu. Shangazi naye aliniburuta kwenye mazoezi ya kwaya. Siimbi vizuri. Lakini kwenye kwaya ukikosekana, wanakuja kukuulizia.

Hapa ndipo penye hoja yangu. Ibada, ukiiangalia kwa upande wa mwili tu, ni ratiba. Sonona hukwambia subiri mpaka utakapojisikia, na kujisikia hakuji. Wanasaikolojia wana tiba nzima iliyojengwa juu ya kuipindua kanuni hiyo: tenda kwanza, kidogo kidogo, kwa saa uliyopanga, hamu itafuata nyuma. Muadhini wa alfajiri hasubiri ujisikie. Unanawa uso kwa maji baridi, unasimama, unainama, unasujudu, unatoka nje kunapambazuka, unaamkiana na watu. Hata anayeswali kwa moyo mzito amekwisha kufanya mambo kadhaa ambayo daktari angemwandikia.

Pumzi nayo ina kisa. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Waitalia waliowapima watu 23 wazima wakisali rozari kwa Kilatini na wakirudiarudia maneno ya kiyoga. Kwa njia zote mbili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakawa yanapanda na kushuka kwa kuufuata mwendo huo wa pumzi. Hawakupima sonona, na sitawasingizia. Ila mtu aliyewahi kukaa kwenye dhikri ya usiku wa Ijumaa hatashangaa. Na ile tafakuri ya kutulia na kuangalia mawazo yakipita, ambayo asili yake ni ya Kibudha, imefanyiwa kazi na wanasaikolojia tangu miaka ya 1990 mpaka ikawa tiba inayopendekezwa Uingereza kwa watu ambao sonona imewarudia rudia. Kazi yake hasa ni kuzuia isirudi. Kumkalisha mtu aliye katikati ya giza totoro peke yake na mawazo yake nusu saa nzima kunaweza kumzidishia.

Wenye kulaumu kwa jina la dini nao nina neno nao, kwa sababu vitabu wanavyovishika haviko upande wao. Eliya, aliyekuwa ametoka kushusha moto mlimani Karmeli, alikwenda jangwani akaketi chini ya mretemu akamwomba Mungu amwondolee roho. Malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia ainuke ale; palikuwa na mkate na maji. Akala, akalala tena, akaamshwa tena akala. Mambo ya kuzungumza yalikuja baadaye sana. Nabii Yakubu alimlilia Yusufu mpaka macho yakawa meupe, na Kurani haikumvua unabii kwa hilo. Mtume Muhammad alipofiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, mwaka ule Waislamu waliuita Mwaka wa Huzuni. Katika hadithi za Bukhari Bi Aisha anausifia uji wa shayiri, talbina, kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na wa mwenye msiba. Tena uji!

Yupo na Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934. Aliandika kuwa huzuni ni za aina mbili: moja ina sababu inayojulikana, nyingine haina sababu mtu anayoweza kuitaja, bali chimbuko lake limo mwilini, na hiyo hutibiwa kupitia mwili. Zaidi ya miaka elfu moja imepita. Bado kuna mihadhara ya Ramadhani inayotuambia muumini wa kweli hapati sonona.

Kule kwa kina shangazi, juu milimani wilayani Korogwe, kuna hospitali ya Lutindi. Ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, chini ya wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Mpaka leo kule mgonjwa anapewa dawa, anaingia kwenye ibada akitaka, na anafanya kazi ya shamba au ya mikono kadiri anavyoweza. Hakuna anayeona ajabu vitu vitatu hivyo kukaa pamoja. Ajabu ni sisi huku chini, ambao jina la hospitali ya akili ni tusi: Bara wanakwambia nenda Mirembe, Unguja nenda Kidongo Chekundu, Nairobi nenda Mathari. Halafu tunashangaa mtu anapomaliza waganga wote kwanza.

Na haihitaji kuwa hospitali. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alifiwa na mgonjwa wake, binti aliyejiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Mwaka 2006 akaanza na bibi 14 wa eneo la Mbare, jijini Harare. Aliwafundisha kusikiliza na kumsaidia mtu achague tatizo moja la kuanza nalo, akawawekea mabenchi ya mbao kwenye viwanja vya zahanati. Utafiti wa watu 573 ulichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa na bibi waliobaki na dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14, na wale wa huduma ya kawaida karibu 50. Bibi! Wale wale tunaowaachia kulea wajukuu na kuuza vitumbua.

Lakini hapo hapo niweke breki, maana najua watakaoichukua makala hii kuwa ruhusa. Tulikwenda Loliondo sisi. Mwaka 2011 nchi nzima, na nchi jirani, ilipanga foleni ya magari kijijini Samunge kwa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, tuliyemwita Babu. Wapo waliotolewa vitandani hospitalini kupelekwa huko, na wapo walioacha dawa zao za kila siku wakiamini wamepona. Sina ugomvi na marehemu Babu. Ugomvi wangu ni na neno "acha". Nabii, sheikh, mganga au muuza virutubisho akikwambia uache dawa ili upone, ondoka. Dawa za sonona hupunguzwa taratibu na aliyekuandikia. Ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na kuona ugonjwa umerudi kwa kishindo.

Mikesha pia tuiangalie. Kwa mtu mwenye ugonjwa unaompandisha na kumshusha, kukesha usiku kadhaa kunaweza kumrusha kwenye upande wa pili, asilale, aongee bila kituo, agawe mali. Watu husema kapata upako. Mfungo kwa aliyekwisha kukosa hamu ya kula ni hatari hiyo hiyo, na Kurani imemruhusu mgonjwa ale alipe siku nyingine. Sioni kwa nini mgonjwa wa sonona ajitoe kwenye ruhusa hiyo. Na hizo dawa za "asili tupu" zinazouzwa kwenye simu, zimo zenye mmea wa St. John's wort, ambao hupunguza nguvu ya baadhi ya ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Mwambie daktari kila unachokunywa, kombe na mitishamba yote.

Kuhusu kujiua, mkimwona ndugu yenu anagawa vitu vyake na kuaga aga, muulizeni wazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hushusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeuliza. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, sumu na kamba viondolewe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, siyo baada ya ibada ya Jumapili. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kinachomshitaki aliyejaribu kujiua kinapingana na katiba. Nilifurahi. Mtu wa namna hiyo anahitaji uji, si polisi.

Viongozi wetu wa dini ndio wanaofikiwa kwanza, na kwa vile hilo halitabadilika kesho, ningependa wajifunze maswali machache ya muuguzi. Yupo ustadhi mmoja huku Tanga ambaye mtu akimwendea kwa kisomo, kwanza anamuuliza: unalala? Unakula? Kuna dawa unatumia? Nyumbani upo na nani? Akiona mambo si madogo, anamsomea, halafu anamwandikia jina la zahanati na kumwambia arudi Alhamisi na cheti. Hachukui pesa. Wanaomlalamikia ni wale waliokuja wakitaka jina la jirani aliyewaroga. Hao huwaambia hana.