Sheikh, Usiniombe Paswedi Yangu

Wiki iliyopita, baada ya Isha, mhandisi mwenzangu wa Wete, Pemba, alinitumia ujumbe: "Sheikh, nipe paswedi yako mara moja, programu yangu inataka kuvuta mahitaji kutoka kwenye seva yenu." Hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa kuwa aliiomba kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Chanzo kilikuwa kalavati. Kwenye orodha yetu ya mahitaji, yaani masharti ambayo mradi lazima uyatimize, kipenyo chake ni milimita 900, ilhali modeli yake ilikuwa bado inasoma 600, aliyoinakili kutoka kwenye faili nililompelekea kwa flashi miezi kadhaa nyuma. Faili hilo, nakiri kwa aibu, niliwahi kuliita "la mwisho kabisa". Ugonjwa huu una dawa ya siku nyingi. Mwaka 2006 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, alieleza kanuni za data zilizounganishwa: kila kitu kipewe anwani yake ya HTTP, kama ile ya ukurasa wa wavuti, na anayeifuata apate maelezo pamoja na viungo vya kumpeleka kwengine. OSLC, viwango vya wazi vya kuunganisha zana za kazi vilivyoanza 2008, ikaichukua fikra hiyo na kuipeleka kwenye zana za wahandisi, ili kila zana ibaki na data zake na kushika anwani tu za data za wenzake. Kwa njia hiyo, ndani ya programu yake ya modeli kingefunguka kidirisha kinachotoka kwenye seva yetu, akachagua hitaji la kalavati, na kiungo kikabaki pale. Modeli isingejirekebisha yenyewe, lakini kila akichungulia angeliona hitaji kama lilivyo leo.

Sasa turudi kwenye paswedi. Mwenye paswedi yangu hasomi mahitaji tu, bali anaweza kuyafuta, kuyabadilisha na kuyaidhinisha, na kumbukumbu za seva zitaandika kwamba ni mimi niliyefanya hayo yote, hata kama saa hiyo nilikuwa nimelala. OAuth, utaratibu wa kuipa programu ruhusa bila ya kuipa paswedi, iliwekwa kwa ajili ya hali kama hii, na toleo lake la 2.0 limeshachapishwa tangu Oktoba 2012, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba habari hazijafika kisiwani. Programu yake ingenileta kwenye seva yangu mwenyewe, nikaingia hapo, nikaulizwa iwapo naridhia programu fulani isome mahitaji, nami nikikubali ingepewa tokeni, yaani msimbo wa ruhusa, yenye mipaka na muda wake. Nikibadili nia naifuta tokeni, paswedi yangu ikabaki palepale ilipo. (Kwa baadhi ya ofisi, palepale ni kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kibodi, lakini hayo tuyaache.)

Neno tokeni halitutishi, kwani sote tunanunua umeme kwa tarakimu 20. Tofauti yake ni kubwa, hata hivyo: tokeni ya umeme haikubali mita ya mtu mwengine, lakini tokeni ya kawaida ya OAuth 2.0 humtumikia yeyote aliyeishika. Ndiyo maana isipite nje ya HTTPS, njia ya wavuti iliyofichwa kwa msimbo, na uhai wake uwe mfupi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mtandao ukikatika kiungo hakina faida, na nakala ya kwenye flashi hufunguka hata gizani. Nakubali pia kwamba nyaraka za OSLC zinachosha kusoma. Hata hivyo, nakala inayofunguka gizani na kukuonesha 600 badala ya 900 ni afadhali isingefunguka.

Usiku ule nilimpigia simu nikamtajia kipenyo kwa mdomo, naye akakiandika kwa mkono. Ombi la kuisajili programu yake kwenye seva yetu, bila ya usajili huo OAuth haianzi, liko mezani kwa msimamizi wa mifumo tangu Jumatatu.