Red Headed Stranger: Albamu Iliyodhaniwa Haijakamilika

Mwaka 1975, mwimbaji wa kantri Mmarekani Willie Nelson alipowapelekea wakubwa wa kampuni ya Columbia albamu yake mpya, Red Headed Stranger, baadhi yao walidhani wameletewa kazi ya majaribio ambayo bado ingerudishwa studio kutiwa violini, waitikiaji na mapambo mengine yaliyozoeleka katika muziki wa kantri wa Nashville, mji ulio kitovu cha muziki huo Marekani. Masikio yao hayakuwadanganya, kwani vitu hivyo kweli havikuwamo. Ila waliona upungufu mahali palipokuwa na uamuzi, na mimi nashikilia kwamba uamuzi huo ndio unaoibeba hadithi nzima ya albamu hii.

Wengi wetu Afrika Mashariki tuliifahamu kantri redioni kupitia Jim Reeves, mwenye sauti laini iliyolazwa juu ya violini na kwaya ya chinichini. Nelson mwenyewe alipitia kiwanda hichohicho. Alikuwa mtunzi aliyeheshimika, maana ndiye aliyeandika wimbo Crazy uliorekodiwa na Patsy Cline mwaka 1961, lakini alipoimba mwenyewe, watayarishaji walimfunika kwa vyombo ambavyo sauti yake, ya puani kidogo na yenye tabia ya kutangulia au kuchelewa mapigo, haikupatana navyo. Nyumba yake iliyokuwa karibu na Nashville ilipoungua, alirudi Texas alikozaliwa, na baadaye akaingia mkataba na Columbia uliompa kauli ya mwisho juu ya kazi zake. Bila kipengele hicho, sidhani kama albamu hii ingetufikia jinsi ilivyo, kwa kuwa waliotaka kuirekebisha walikuwa na vyeo, na pia walikuwa na hoja ya biashara.

Aliirekodi katika studio ndogo mjini Garland, Texas, kwa muda mfupi na kwa gharama inayotajwa kuwa takriban dola 4,000, akiwa na bendi yake mwenyewe: dada yake Bobbie kwenye piano, Mickey Raphael kwenye harmonika, Bee Spears kwenye besi na Paul English kwenye ngoma. Yeye alipiga gitaa lake la nyuzi za nailoni, lile analoliita Trigger, ambalo analo mpaka leo na ambalo mbao yake imetoboka kwa kupigwa miaka mingi. Mara nyingi katika albamu hii husikii zaidi ya vyombo viwili kwa wakati mmoja, na kuna mahali gitaa linanyamaza kabisa, mwimbaji akabaki peke yake na sentensi yake.

Hadithi yenyewe ni ya mhubiri anayeachwa na mkewe. Anamfuata, anamkuta na mwanamume mwingine katika baa, anawaua wote wawili, kisha anatangatanga juu ya farasi. Mkasa huo wa mauaji hausimuliwi kwa kishindo. Unapita katika mistari michache, kwa sauti ileile ya mtu anayekueleza habari za safari. Mara tu baada yake unakuja Blue Eyes Crying in the Rain, utunzi wa Fred Rose ambao Roy Acuff alikuwa amekwisha kuurekodi miaka ya 1940, na ambao kwa Nelson ulifika nafasi ya kwanza katika chati za kantri za Marekani, mara yake ya kwanza kufika huko kama mwimbaji. Redioni tumeuzoea kama wimbo wa kuagana, na watu wanauomba hata harusini, jambo ambalo limenishangaza siku zote. Ndani ya albamu, hata hivyo, anayemlilia mpenzi aliyepotea na kutumaini kukutana naye ng'ambo ya pili ndiye huyohuyo aliyemuua. Violini zingetuelekeza tumwonee huruma; gitaa moja na besi vinatuacha na mtu huyo bila kutuambia tumfikirieje. Hiyo ndiyo faida kubwa ya ule ukavu uliowatia wasiwasi wenye kampuni.

Bobbie naye anastahili kutajwa zaidi ya inavyofanyika. Katikati ya albamu anapiga bila maneno tenzi ambayo waumini wengi wa kwetu wanaijua kama Nitwae Hivi Nilivyo. Anaipiga kama inavyopigwa kanisani Jumapili ya kawaida, wala hajaribu kuipamba, na msikilizaji anayeyajua maneno yake hawezi kukosa kujiuliza kama mhubiri mwenye damu mikononi ana haki ya kuyasema.

Baada ya hapo uzi unalegea. Vipande vya dansi visivyo na maneno, O'er the Waves na Down Yonder, vinapendeza, lakini haviisogezi hadithi kama kile cha kanisani. Tatizo langu kubwa zaidi ni wanawake wa humu. Katika wimbo uliobeba jina la albamu, mwanamke mwingine anapigwa risasi kwa sababu amemgusa farasi wa marehemu mke, na msimulizi anatuambia kwamba mtu hawezi kunyongwa kwa kumuua mwizi wa farasi wake. Wanaoitetea albamu husema hiyo ni sheria ya Magharibi ya kale ya Marekani inayotajwa tu, na nakubali kwamba Nelson haisherehekei. Lakini kufikia Hands on the Wheel, wimbo wa karibu na mwisho wa albamu, mhubiri amekwisha kupata penzi jipya na utulivu, huku wale aliowaua hawatajwi tena, na safari hii kimya hakionekani kwangu kuwa cha makusudi. Uchache uliotumika kwa ustadi mkubwa kumwonyesha muuaji ungetosha pia kuwapa wale wanawake walau ubeti mmoja.