Fukuto la Kampala, macho ya Dar: taarifa za maasi zina thamani gani vitani?

Kufikia katikati ya 1978, hakuna aliyehitaji shushushu ili ajue kwamba utawala wa Idi Amin ulikuwa na nyufa. Aprili mwaka huo makamu wake, Mustafa Adrisi, alipata ajali ya gari ambayo wafuasi wake walikataa kuamini kuwa ni ajali tu. Akapelekwa Cairo kutibiwa, na huku nyuma watu wake wakaanza kung'olewa. Moses Ali, waziri wa fedha, naye akatimuliwa. Bei ya kahawa ilikuwa imeporomoka baada ya neema ya 1977, na Oktoba Marekani ikapitisha sheria ya kususia kahawa ya Uganda. Askari waliozoea kutunzwa kwa pesa hiyo wakaanza kunung'unika, na manung'uniko yakageuka maasi katika baadhi ya kambi, Kikosi cha Simba cha Mbarara kikitajwa zaidi.

Halafu, 30 Oktoba 1978, majeshi ya mtu huyo aliyedhaniwa anaelekea kuanguka yakavuka mpaka na kuiteka ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tanzania haikuwa na jeshi la maana pale. Siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa, na Radio Uganda ikatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda.

Hapo ndipo penye mjadala ambao wanajeshi na wanahistoria hawajaumaliza: taarifa za kijasusi kuhusu vurugu za ndani ya nchi ya adui zina msaada gani vitani? Wako wanaoziona kuwa ni dhahabu. Wako wanaoziona kuwa ni chambo. Mimi naona pande zote mbili zina hoja, ila hazizungumzii kitu kimoja.

Tuanze na wanaozitetea. Wanasema vita si hesabu ya vifaru peke yake. Jeshi lenye ndege za MiG na vifaru lakini ambalo maofisa wake wanaogopana ni jeshi dogo kuliko linavyoonekana kwenye karatasi. Ukijua kambi ipi haina imani na mkuu wake, na kikosi kipi hakijalipwa, unajua pa kusukuma. Mfano unaopendwa ni wa Ujerumani mwaka 1917. Serikali ya Berlin iliitazama Urusi ikiyumba baada ya mfalme kuondoka, ikamruhusu Lenin apite kwa treni kutoka Uswisi, na kufikia Machi 1918 Urusi ilikuwa imetia saini mkataba wa Brest-Litovsk na kutoka vitani. Huwezi kuyafanya hayo bila kujua nani ndani ya nchi ya adui amechoka na nani ana ghadhabu.

Katika Afrika Mashariki hoja hiyo ilikuwa na nguvu ya pekee. Mpaka wa Mutukula ulipitwa kila siku na wakimbizi, wachuuzi wa magendo na askari waliotoroka. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi la Uganda tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, kwa hiyo ofisa wa Tanzania aliyekaa na mtoro au mateka hakuhitaji mkalimani. Dar es Salaam yenyewe ilikuwa makao ya Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971, na watu wake. Ni nchi chache zilizowahi kuwa na madirisha mengi hivyo ya kuchungulia ndani ya jeshi la jirani.

Lakini dirisha la Obote ndilo hilo hilo lililowaponza watu mwaka 1972. Septemba mwaka ule, wapiganaji zaidi ya elfu moja walivuka kutoka Tanzania kuelekea Masaka na Mbarara. Yoweri Museveni alikuwa miongoni mwa waliokwenda Mbarara. Mpango mzima ulisimama juu ya tathmini moja: kwamba Waganda wamemchoka Amin, na risasi za kwanza zikisikika watainuka. Kikosi kingine kilikuwa kiruke hadi Entebbe kwa ndege ya East African Airways iliyochukuliwa Dar es Salaam, ikapasuka matairi ilipotua Kilimanjaro na safari ikaishia hapo. Watu wengi hupenda kuisimulia ndege hiyo, maana inachekesha. Kosa zito lilikuwa kwingine. Hakuna aliyeinuka. Mwezi uliotangulia Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia ndani ya siku 90, na kwa Waganda wengi wa kawaida uamuzi ule ulimpa sifa.

Gharama haikulipwa na walioiandika tathmini ile. Amin alipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Ndani ya Uganda aliwasaka wote walioshukiwa kuwa na uhusiano na wavamizi, na Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka akachukuliwa mahakamani na hakuonekana tena. Tanzania ikalazimika kukubali mapatano ya Mogadishu, yaliyotaka majeshi ya pande zote yakae kilomita 10 kutoka mpakani. Kwa maana hiyo utupu ule wa 1978 pale Kagera una mzizi wake katika taarifa mbovu ya 1972.

Wanaozishuku taarifa hizi wana hoja nyingine ambayo naiona nzito zaidi, na haisemwi vya kutosha. Fukuto la ndani halimdhoofishi adui tu, linaweza kumsukuma nje. Sababu ya Amin kuingia Kagera ina masimulizi kadhaa. Moja linasema askari wake walikuwa wanawafukuza waasi waliokimbilia Tanzania. Jingine linasema alitaka kuwapa wanajeshi wenye hasira kitu cha kupora, na kweli walisomba ng'ombe, mabati na mitambo. Jingine linamtaja Luteni Kanali Juma Butabika kuwa ndiye aliyeanzisha mapigano kwa ugomvi wake mwenyewe. Yote matatu yanaanzia mahali pamoja, yaani jeshi lisiloshikika. Mchambuzi aliyesoma habari za maasi ya Mbarara na kuandika «Amin anadhoofika» alikuwa sahihi kabisa. Kama aliishia hapo bila kuongeza «kwa hiyo mpaka uko hatarini», taarifa yake sahihi ilimlaza usingizi msomaji wake.

Sasa tuje 1979, ambako pande zote mbili hujipatia ushahidi. Tanzania ilipoamua kuvuka mpaka, mpango wa awali haukuwa kwenda Kampala. Ulikuwa kuipiga Masaka na Mbarara, halafu Waganda wenyewe wamalizie. Januari Obote aliwaita wananchi na askari wainuke dhidi ya Amin. Masaka ikaanguka 24 Februari, Mbarara siku iliyofuata, na uasi mkubwa uliotarajiwa haukutokea. Mwanzoni mwa Machi wapiganaji wa uhamishoni waliushika mji wa Tororo na sehemu ya askari wa kambi ikajiunga nao, lakini majeshi ya Amin yakaurudisha mji ndani ya siku chache.

Kisha ikaja Lukaya, mji ulio kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Jioni ya 10 Machi, Brigedi ya 201 ya Tanzania, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilikutana na msafara wa Walibya wenye vifaru, waliotumwa kumsaidia Amin. Makombora ya katyusha, yaani roketi za kurushwa kutoka kwenye malori, yakapita juu ya vichwa vya Watanzania bila kuua wengi, lakini kishindo kile kilitosha kuwatawanya. Ilibidi Brigedi ya 208 izunguke usiku kucha ili kesho yake ishambulie kutoka upande wa Kampala. Jeshi ambalo kila mkimbizi alisema limeoza lilikuwa bado na uwezo wa kukufukuza barabarani, hasa linapopata rafiki mwenye silaha.

Na bado watetezi wana haki ya kusema: tazameni kilichofuata. Baada ya Lukaya upinzani ulilegea, vikosi vikayeyuka kimoja kimoja, na 11 Aprili watu wa Kampala wakamiminika mitaani kushangilia. Chuki iliyoripotiwa tangu 1972 ilikuwepo kweli. Ila ilijitokeza baada ya vifaru vya Tanzania kufika. Kwa hiyo nadhani wakosoaji hukosea wanaposema taarifa zile zilikuwa uongo. Ziliyapima vizuri maumivu ya watu, zikashindwa kupima hofu yao. Mtu anaweza kumchukia mtawala miaka minane na asiokote jiwe hata siku moja, kwa sababu anajua nani atakayezikwa jioni.

Udhaifu huo una chanzo kinachojulikana. Anayeleta habari za uasi karibu kila mara anautaka uasi huo. Mkimbizi hasemi «watu wa kwetu watakaa ndani na kusubiri», kwa sababu akisema hivyo hapewi bunduki. Marekani iliyasikia hayo hayo kutoka kwa Wakuba waliokimbilia Miami, na Aprili 1961 watu wapatao 1,400 wakashushwa Ghuba ya Nguruwe bila kisiwa kuinuka. Hata taarifa isiyo na mapendeleo haifiki mbali: Juni 2023 majasusi wa Marekani walikuwa na fununu za uasi wa Prigozhin, mkuu wa kundi la mamluki la Wagner la Urusi, kabla haujatokea, lakini uasi wenyewe ulidumu takriban siku moja na mstari wa mbele wa vita huko Ukraine haukusogea kwa sababu yake.

Kuna swali moja ambalo habari za nyufa hazikulijibu hata zilipokuwa sahihi. Zilieleza nani anampinga Amin. Hazikueleza kama wapinzani hao wanaweza kukaa meza moja. Makundi yao yalikusanywa Moshi mwishoni mwa Machi 1979, majuma machache tu kabla ya Kampala kuanguka, na Yusuf Lule akachaguliwa kuongoza. Aliapishwa 13 Aprili. Kufikia 20 Juni wenzake walikuwa wameshamng'oa, na askari wa Tanzania wakabaki Uganda hadi 1981.